Uzoefu wangu: kutengenezewa jalada la jarida la taarabu hapa Unguja

Kikundi chetu cha taarabu kilitaka jarida lake la muziki, kurasa chache, la kuuza mlangoni usiku wa onyesho na kwa wauza magazeti wa Darajani. Makala zilikuwa tayari, jalada ndilo lililokosekana, na kazi ya kulitafutia fundi nikapewa mimi mpiga fidla. Nikamwendea binti mmoja msanifu wa grafiki mwenye ofisi ndogo upande wa Michenzani. Naandika haya kwa wenye vikundi wanaofikiria kumlipa mtu kwa kazi kama hii, maana wengi wetu tunadhani jalada ni picha nzuri na jina juu yake, basi.

Hakuanza na rangi wala picha. Aliniuliza, "Ami, mtu ataliona wapi kwanza jalada hili?" Nikamwambia mlangoni, kwenye meza ya muuza magazeti, na kwenye simu, kwa sababu vijana wetu wataliweka status ya WhatsApp kabla wino haujakauka. Akayaandika hayo matatu kwenye karatasi, akaibandika ukutani, na kila alichofanya baadaye alikipima kwa karatasi ile. Hapo nikajua pesa yangu haitapotea.

Kisha akanifungulia majalada ya majarida ya muziki ya nje tuyasome pamoja. Toleo la kwanza la Rolling Stone la Marekani, la tarehe 9 Novemba 1967, lina John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, na kofia ya chuma ya kijeshi, picha iliyotoka kwenye filamu aliyoigiza, na ukurasa umejaa habari mfano wa gazeti la kila siku. La tarehe 22 Januari 1981 lina Lennon huyohuyo, amejikunja ubavuni mwa mkewe Yoko Ono. Annie Leibovitz alipiga picha hiyo tarehe 8 Disemba 1980, na saa chache baadaye Lennon akauawa. Jina la jarida lipo juu, lakini kichwa cha habari hakuna hata kimoja. Nikamuuliza mbona lile lina maneno tele na hili liko kimya. "Lile la 1967 lilikuwa geni, ilibidi lijieleze," akasema. "La 1981 kila anayelishika anajua lililotokea. Neno lolote lingepunguza."

Akanionesha na Q la Uingereza, lililoanza 1986 likafungwa 2020: herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu, kona ya juu kushoto. Dukani majarida hupangwa yakilaliana, na mara nyingi kinachobaki wazi ni ukingo wa kushoto, kwa hiyo kona ile peke yake ilitosha kulitambulisha. Kerrang!, lililoanza 1981, herufi za jina lake zina nyufa, na jina lenyewe ni mlio wa gitaa la umeme. Asiyejua Kiingereza hata kidogo ataona humo mna kelele. Nimesoma magazeti tangu utoto wangu na sijawahi kufundishwa kuangalia hivi, na kwangu mimi kikao kile peke yake kilikuwa na thamani ya nusu ya malipo.

Kazi ngumu ilikuwa picha yetu wenyewe. Wazee wa kikundi walitaka watu wote waonekane, wapigaji na waimbaji, na sare zao. Nawaelewa, kila mmoja ametoa jasho lake. Dada yule hakubishana nao kwa maneno. Alichapa picha ya kikundi kizima kwenye karatasi ya A4, akaibandika ukutani, akawaomba wasimame mlangoni. Kutoka pale nyuso zilikuwa vidoa, mtu hamjui mwanawe. Halafu akabandika ya pili: msichana wetu wa ganuni, ala ya nyuzi ya kulazwa, peke yake, amepigwa kutoka kiunoni kwenda juu, kucha za kupigia ziko vidoleni, macho yamekutazama wewe uliyesimama. Mzee mmoja akasogea mbele mwenyewe bila kuitwa. Picha ya kikundi ikapewa jalada la nyuma, ukurasa mzima, na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu jina la jarida, nilitaka kichwa cha msichana kifunike herufi mbili, kama Rolling Stone wanavyofanya mara kwa mara. Akakataa. Wale wanaweza kwa sababu msomaji wao hulijaza jina hata likifichwa. Letu halijawahi kuonekana na mtu, lazima lisomeke lote. Nikakubali, na sasa naona alikuwa na haki.

Upande wa maneno ndipo aliponishangaza zaidi, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. Mstari wangu mmoja wa jaladani, wa makala ya mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, ulisema "Historia ya Siti binti Saad". Yeye akaugeuza: "1928: Siti avuka bahari kwenda Bombay kurekodi". Ni makala ileile, lakini sasa kuna mwaka, kuna safari, kuna mtu anayefanya kitu. Vichwa vya habari vilikuwa saba akavipunguza hadi vitatu, vyote kushoto, ili mkono wa kulia wa mpigaji ubaki wazi juu ya nyuzi.

Nyuma ya picha tulikuwa tumeweka kanga, na hilo sikulipenda tangu mwanzo: maua ya kanga yalimeza herufi. Akaibakisha pindo tu, ukanda mwembamba chini, na juu akaacha rangi moja ya buluu. Mwisho akalipunguza jalada lote likawa dogo mno kwenye simu yake, akanipa nilisome bila miwani. Jina lilisomeka na uso ulionekana.

Sasa kasoro. Picha niliyompelekea kwa WhatsApp aliikataa, sawa, kwani hubanwa ikipita huko, na A4 ya kuchapwa vizuri inataka takriban nukta za picha (pikseli) 2480 kwa 3508. Lakini hakuniambia mapema, nikalazimika kumtafuta mpiga picha tena aniletee faili lenyewe kwenye flashi. Pili, hakufuatana nami kwenye uchapaji. Skrini huonesha rangi kwa mwanga, mashine huchapa kwa wino wa aina nne, na buluu nzito ikizidi majenta, ule wino wa waridi iliyokolea, huelekea zambarau. Mchapaji niliyemwendea hakutoa chapa ya majaribio, akachapa zote kwa mkupuo, na buluu yetu ya bahari ikatoka na zambarau ndani yake. Inasikitisha, maana kwenye skrini ile rangi ilikuwa safi kabisa. Nafasi ya kukatia aliiweka vizuri, milimita 3 kila upande, kwa hiyo angalau pindo la kanga halikukatwa.

Nililipa shilingi 120,000 kwa jalada la mbele na la nyuma. Nimepewa PDF tu. Faili la kufanyia marekebisho analitoza mbali, kwa hiyo kubalianeni kabla hujatoa malipo ya mwanzo. Kama una haraka ya siku mbili usiende kwake, hakimbizwi. Kama unataka mtu atakayekuuliza maswali kabla ya kugusa kompyuta, nenda. Nampa nyota 4 kati ya 5, na toleo lijalo nitampa tena, kwa sharti la kwenda naye kwa mchapaji na kuona karatasi moja imetoka mashinini kabla hazijachapwa nyingine.