"Itazoea Yenyewe"

Nyota tatu kwa karakana iliyonifungia injini ya boti. Nimezipunguza na kuziongeza mara nne kabla sijaanza kuandika, na huenda nikazigusa tena nikifika mwisho, maana kila nikilikumbuka lile neno damu inanichemka.

Neno lenyewe ni "itazoea".

Nina boti ya mbao inayoleta dagaa na mawese Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, kutoka vijiji vya kusini. Giza moja hivi, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, mvua hazijakolea, nilichoshwa na mashine za kuning'iniza nyuma zinavyokunywa petroli, nikanunua injini ya dizeli ya kukaa ndani. Mtumba, lakini nzima. Nikaipeleka kwenye karakana moja hapa Kigoma. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Kazi ilifanyika boti ikiwa mchangani, imeegemezwa kwenye magogo. Fundi akaikalisha injini, akainama, akafumba jicho moja na kuitazama shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha panga la boti, kama mtoto anayelenga ndege kwa manati, akasema imenyooka. Mimi sikusomea ufundi, ila marehemu baba alikuwa baharia na utoto wangu niliumaliza nikikumba maji kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti yanakotuama. Nikamuuliza, "Fundi, hutaipima tena ikishaingia majini?" Maana boti ya mbao ikiwa nchi kavu ina umbo lake, na ikielea ina jingine: mbao zinavimba, mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, unajipinda kidogo, na ukishajaza tangi la mafuta ndiyo kabisa. Kipimo cha mchangani ni cha kuanzia tu.

Akacheka. Tena hakucheka peke yake, aliwageukia vijana wake kwanza ili wacheke wote. "Mama, wewe tuuzie dagaa, injini tuachie sisi. Ikitetema siku mbili tatu, itazoea yenyewe."

Izoee nini? Ni mtoto wa bweni?

Basi ikatetema. Safari ya kwanza chai haikukaa kikombeni. Ya tatu au ya nne, maji yakaanza kuingia pale shafti inapotokea nje. Nikampigia simu, akajibu kwa mkato: mwambie kijana akaze glendi, kile kifuniko kinachobana pakingi ya kuzuia maji kwenye shafti. Kijana akakaza, maji yakakata, tukashangilia. Kumbe pakingi ya pale inatakiwa iachie matone machache shafti ikizunguka, ndiyo yanayoipoza. Ukiibana mpaka ikauke, unaipika shafti. Yetu iliiva, ukiigusa unaunguza kidole.

Na haya yanatokea Kigoma, mji wa Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu! Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, enzi hizo ikiitwa Graf von Goetzen, walizipaka kwanza mashine zake grisi nzito. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Watu walihurumia injini ya meli wanayoizamisha kwa mikono yao, fundi wangu nimemlipa taslimu ili boti ielee, akanichekea.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Sigunga na magunia ya dagaa wakavu, usiku, tunakaribia mdomo wa mto Malagarasi. Ukasikika mlio kama wa mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, kisha injini ikavuma bure na boti ikasimama. Bolti za koplingi, zile sahani mbili zinazounganisha injini na shafti, zilikuwa zimekatika, shafti imerudi nyuma, maji yanaingia. Tulikumba kwa ndoo, kwa sufuria ya wali, kwa ndala. Alfajiri wavuvi wakatuvuta hadi ufukweni, Mungu awabariki, hata hela ya mafuta walikataa. Mfanyabiashara wa dagaa hahitaji kuelezwa dagaa mkavu akilowa anakuwa nini. Wangu waliliwa na kuku.

Nikamtafuta mzee mmoja, baharia mstaafu. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaingia ndani na tochi. Nilikuwa namsubiri amtukane yule fundi ili nifurahi. Badala yake akayapapasa magogo ambayo injini imekalia, akasema, "Aliyeyalaza haya anajua mbao." Yamekaa sawasawa, bolti zimepenya pazuri, hayajasogea hata kidogo baada ya mtetemo wote ule. Iliniuma, lakini ni haki yake. Hapo ndipo nyota ya pili ilipotoka.

Ya tatu ilitoka fundi alipokuja. Nilimwita nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, akaja kimya, na raba mpya nne za kukalia injini bila kudai senti. Alikuwa amenyoosha shafti na kutia pakingi mpya. Boti ikaachwa ielee siku mbili, tangi limejaa. Kisha akatenganisha koplingi, akaiegemeza shafti kwanza maana ikiachwa peke yake inainama kwa uzito wake, halafu akafungua kisanduku chake akatoa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Fila yake mwenyewe! Imefungwa kwenye kitambaa, imepakwa oili, inang'aa. Alikuwa nayo siku zote!

Akapima mwanya wa koplingi juu, chini, kulia, kushoto. Akazungusha shafti robo mzunguko, akapima tena: mwanya ukizunguka na shafti, shafti au sahani yake imepinda, ukibaki palepale, injini ndiyo imekaa vibaya. Ukabaki palepale. Akawa anagusa nati za raba, robo robo, anapima, anagusa, toka asubuhi hadi adhuhuri. Koplingi yangu ni ya inchi 4, na hiyo haitakiwi kupishana zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Akaifikisha. Sijawahi kuona mikono yenye utulivu kama ile, na kadiri nilivyomtazama ndivyo hasira ilivyonipanda, kwa sababu asiyejua unaweza kumsamehe.

Tukawasha. Boti ikanyamaza kama imebembelezwa. Nikaweka kikombe cha chai juu ya kifuniko cha injini, hakikumwagika hata tone. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimshukuru, wallahi, neno lilikuwa ulimini.

Akanitazama, akawageukia vijana wake, akatabasamu. "Unaona mama? Imezoea."

Zile nyota tatu za pale juu, isomeke moja.