Maji ya bomba Isevya: mita naiamini, matengenezo bado

Nauza chakula hapa Isevya, Tabora, kwa hiyo maji kwangu ni mtaji kama mchele. Zamani tukitegemea bwawa la Igombe, kiangazi kikikaza nilikuwa nanunua kwa madumu. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike, koki inatoa hata alfajiri ninapobandika maharage. Nashukuru sana kwa hilo.

Msoma mita akija namfuata, tunasoma pamoja, naandika kwenye daftari. Mwezi wa tano nilitoka uniti 14 nikakuta 37. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Hizo 23 za ziada ni madumu 1,150, na wateja wangu ni walewale! Nikaenda ofisi ya mamlaka ya maji na daftari langu. Dada wa dirishani alilipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniambia: mama, usiku funga koki zote, halafu tazama kile kigurudumu kidogo chekundu kwenye mita. Nikatazama na tochi. Kinazunguka. Bomba lilikuwa limetoboka chini ya banda la jiko, na likishavuka mita ni langu mimi. Fundi nikamlipa, bili wakaniruhusu kulipa mara mbili. Yule dada alinihudumia vizuri mno. Kama bili yako imeruka, jaribu hilo kabla ya kugombana na mtu.

Kwa upande wao wa mita, nawapa nyota mbili tu kati ya tano. Mwezi wa nane bomba la mtaa lilipasuka chini ya mwembe. Nilipiga simu siku hiyohiyo, nikapewa namba ya taarifa. Yalimwagika siku 9, bata wa jirani wakahamia pale, katikati ya kiangazi cha Tabora. Maji haya yanatoka Ihelele, Misungwi, yanasukumwa kwa umeme njia yote hiyo, na sisi tunayaangalia yakiingia mtaroni. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ikizipima mamlaka za maji kila mwaka huangalia na maji yanayopotea, maana hasara hiyo mwishowe mlipaji ni mteja. Bili yangu ina tarehe ya mwisho. Na bomba lililopasuka liwe na tarehe yake, ibandikwe pale dirishani penye orodha ya bei.

Nilipiga simu mara nne. Mafundi walipokuja, walichimba, wakafunga, wakafukia. Dakika 40.