Mkaa wa vifuu karakanani: miezi miwili ya kuutumia

Napaka vanishi makochi hapa Tanga, chumba chenye dirisha moja. Nilinunua kilo mbili za mkaa amilifu (mkaa uliotengenezwa kunasa harufu) wa vifuu vya nazi, punje kama mchele, shilingi 30,000, nikazijaza kwenye kisanduku cha wavu mbele ya feni. Harufu ya thina ilipungua siku hiyohiyo. Hata mke wangu kaacha kulalamikia nguo zangu. Vifuu huchomwa bila hewa, kisha hupigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, ndipo vitundu vya kunasa harufu vinapofunguka. Vumbi la msasa haunasi, barakoa ibaki palepale. Wiki ya saba harufu ikarudi. Muuzaji akasema niuanike juani. Wapi! Nyota tatu, bei imeniuma.