Uzoefu wangu: RAM mpya, laptopu ya zamani, na fundi aliyesema mazabodi imekufa

Sipendekezi duka lile kwa mtu yeyote. Liko Ngamiani, hapa Tanga mjini, jina naliacha. Walinifungia RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya giga 4, kuongezea giga 4 iliyokuwemo, kwenye laptopu ya Intel kizazi cha nne, tukawasha: taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Yule kijana hata hakuichomoa aangalie lebo. Akasema mbele ya wateja, "Kaka, mkweche huu mazabodi imekufa, usinipotezee muda." Hela hakurudisha.

Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni herufi moja. RAM aliyonipa imeandikwa PC3-12800S, ya volti 1.5. Laptopu za kizazi cha nne zinataka PC3L, ya volti 1.35. Zote ni DDR3, yaani kizazi kimoja cha RAM, na pengo la katikati ya miguu liko mahali pamoja, kwa hiyo inazama kwenye sloti bila ubishi, halafu kioo kinabaki cheusi. Muuza RAM asiyeijua hiyo L anauza nini? Na angekuwa na shaka angenipa PC3L tu, maana kwa kawaida hata laptopu za nyuma za volti 1.5 zinaipokea.

RAM nyingine, yenye L, niliifunga kwa mikono yangu. Zima kabisa, chomoa chaji na betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. RAM inaingia kwa mshazari, kama digrii 30, inasukumwa mpaka miguu ya dhahabu izame, ndipo unailaza vibanio vya pande zote mbili vilie. Kikilia kimoja, itoe urudie. Ile RAM ya zamani usiiache: kwa upepo huu wa bahari miguu yake hushika ukungu. Isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, rudisha. Mashine ngapi zimeuzwa chuma chakavu mjini hapa kwa ajili ya ukungu huo tu!

Sasa gemu. Nilipima kwa GTA V. Kwa giga 4, ukiendesha gari kwa kasi picha inaganda sekunde moja, mbili, inaendelea, inaganda tena. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye hadi diski, nayo hadi diski haiwezi kukimbizana na gemu. Ushahidi unaupata kwa Ctrl+Shift+Esc (inafungua Task Manager) gemu ikiwa inaendelea: RAM imepita asilimia 90 na diski iko 100. Nilipofika giga 8, kuganda kule kulikwisha. Kulikwisha kabisa! Hapo nilikuwa tayari kumshauri kila mtu akanunue RAM leo hii.

Lakini nilipopandisha vivuli na ubora wa picha, ikawa inajikokota vilevile. RAM haigeuki kuwa kadi ya grafiksi. Grafiksi iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM, ndiyo maana giga 4 mbili zinazofanya kazi pamoja huipa nguvu kuliko giga 8 moja iliyo peke yake. Nafuu hiyo ipo, ila ina kikomo. Na kama RAM yako inabaki nusu tupu wakati unacheza, kuongeza nyingine ni kutupa hela. Weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, angalau gemu itafunguka haraka. Mwenye Windows ya biti 32 ndiyo asiguse kabisa mpaka abadilishe, kwa sababu hata giga 4 haimalizi zote.

Kwa hiyo mwenye giga 4 na Windows ya biti 64, ongeza, utafurahi. Nasema hivyo huku bado nina uchungu na elfu 35 yangu. Ukienda dukani, nenda na RAM yako ya zamani mkononi, linganisha lebo herufi kwa herufi, mashine iwake mbele yako mpaka ioneshe giga 8, ndipo utoe hela. Akikataa, ondoka.

Ile PC3 bado ninayo. Mwenye laptopu ya kizazi cha pili au cha tatu itamfaa, haina kosa lolote.