Mazda RX-8 kwa maisha ya Dar: kabla hujatuma hela, tazama hii

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tuko uani kwangu hapa Sinza, na huyu mnyama mwekundu aliyelala nyuma yangu ni Mazda RX-8. Si langu. Ni la mshikaji wangu, kasafiri, kaniachia funguo wiki mbili kwa sharti moja: petroli juu yangu, oili juu yangu. Hapo kwenye oili nilidhani anatania. Tutafika.

Kwa nini RX-8? Kwa sababu hamuachi kuniuliza. Mtu anaperuzi magari ya Japani usiku, anakutana na gari la spoti lenye milango minne, bei haiko mbali na ya Toyota IST iliyotunzwa, halafu kwenye cc pameandikwa 1308. Anaona kaokota dhahabu. Kaka, tulia kwanza. Hizo 1308 ni za injini ya rotari, haina pistoni hata moja. Wajapani wenyewe wakikata kodi ya gari ya mwaka wanazizidisha mara moja na nusu, yaani kwao hili ni gari la cc 1962. Na kwenye sheli utalijua. Mimi kwa foleni ya Mwenge na Ubungo nimepata kilomita sita kwa lita. Jumapili asubuhi, barabara nyeupe, nikapata nane. Nikashangilia, eti nane!

Halafu kumbuka haya magari yalitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, basi. Hakuna jipya. Kwa hiyo ile tozo ya uchakavu ya TRA, ya magari yenye umri mkubwa, inakuhusu, ingiza namba kwenye kikokotoo chao kabla hujamtumia mtu hata senti.

Sasa injini yenyewe. Ndani mna vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka, kila kimoja kwenye chumba chake, chumba kama namba nane iliyonenepa. Kila ncha ya pembetatu ina kijisahani chembamba kinachosugua ukuta muda wote injini inapozunguka. Hizo ndizo sili za ncha, na uhai wa gari zima uko hapo. Zinahitaji kulainishwa, kwa hiyo Mazda waliweka pampu inayodondoshea oili mle ndani ikaungue pamoja na petroli. Umeelewa? Gari linakula oili kwa makusudi. Mshikaji hakuwa anatania. Kila nikijaza tangi mara mbili nachomoa stiki, na ndani ya wiki mbili nimeshaongeza. Ukimpa fundi asiyeijua atakuambia ringi zimekwisha. Ringi gani za pistoni, na pistoni hakuna!

Lakini acheni niwaambie kitu kilichonitesa, na wala si oili. Ni huu uani.

Nyumba yetu ina wapangaji wanne wenye magari, geti moja. Anayerudi mwisho ndiye anayeziba. Siku ya pili tu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, jirani anagonga dirisha: "Kaka, samahani, nisogezee nitoke, nawahi kazini." Nikatoka na msuli wangu, nikawasha, nikarudisha nyuma mita tano, yeye akapita, nikarudisha mbele, nikazima, nikalala. Saa mbili nataka kutoka mimi. Napiga stata, linazunguka tu. Linazunguka, haliwaki. Harufu ya petroli uani pote.

Rotari ikiwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi ili iwake. Ukiizima kabla haijapata moto, ile petroli inabaki mle, plagi zinalowa. Dawa yake ni kukanyaga mafuta mpaka sakafuni halafu upige stata: kompyuta inakata petroli, hewa inapita, plagi zinakauka. Sekunde chache, pumzika, rudia. Betri yako iwe na nguvu na stata iwe nzima. Nilitumia dakika ishirini, jirani wa pili akiwa nyuma yangu ameshikilia honi. Tangu siku hiyo nikiliwasha, kama ni kulisogeza tu, naliacha lingurume mpaka lipate moto, dakika kumi hivi. Saa kumi na moja alfajiri. Uani kwa watu. Mama mwenye nyumba ameacha kuniitikia salamu.

Kwa hiyo mkiniuliza kama RX-8 ni imara, na mimi nitauliza: unapaki wapi?

Haya, tuseme unapaki pako mwenyewe, na umelipata moja liko yadi hapa mjini. Mafundi wametufundisha wote, nenda asubuhi, ukute injini ya baridi, shika boneti kwa mkono, kama ni ya moto muuzaji anaficha kitu. Kwa IST sawa. Kwa hili, ya baridi itawaka vizuri tu hata kama injini imechoka. Rotari iliyochoka hujificha asubuhi. Itafute ikiwa ya moto.

Nilikwenda kumwangalizia jamaa yangu moja mwezi uliopita, yadi siitaji jina. Liliwaka kama bunduki. Muuzaji anatabasamu. Nikamwambia, tuzunguke nalo nusu saa. Tukazunguka, tukarudi, nikazima, nikamwomba dakika kumi tuongee bei. Akaanza kuangalia saa. Dakika kumi zikaisha, nikapiga stata. Likazunguka, likazunguka, nikahesabu sekunde tisa ndipo likashika, moshi huo. Lililo zima linawaka ndani ya sekunde mbili, tatu. Muuzaji akasema, "Bosi, betri hiyo." Tukamuaga vizuri.

Hata likipita hapo, bado kuna kipimo cha kompresheni, yaani injini inagandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani. Msikubali mita ya kawaida ya kuchomeka kwenye tundu la plagi. Kila rota, ile pembetatu, ina nyuso tatu, ile mita inakuonyesha uso ulio bora tu na kukuficha mbili zilizokufa. Kuna kifaa maalumu cha rotari kinachosoma zote tatu. Namba ya Mazda ni kilopaskali 680 kwenye mizunguko 250 kwa dakika, chini ya hapo injini ni ya kufungua. Sasa nitafutieni fundi mwenye hicho kifaa mtaani kwenu. Niliuliza gereji tatu. Fundi mmoja, mzee mwenye heshima zake, alifungua boneti, akatazama, akafunga pole pole, akaniambia, "Mwanangu, hii haina valvu. Mimi nianzie wapi?" Nilimpenda kwa ukweli wake.

Na karatasi ya mnada wa Japani isiwadanganye. Gredi 4 inaongelea bodi, ndani, ajali. Hakuna aliyepima kompresheni pale mnadani.

Tuje kwenye vipuri. Kariakoo ukitaka kitu cha IST unaulizwa tu, kipya au cha mtumba? Cha hili unaagiza na unasubiri. Lina koili nne na plagi nne, na plagi zenyewe ni aina mbili tofauti, usikubali mtu akufungie nne zinazofanana. Koili ndizo zinazokufa kimya kimya. Ikichoka moja, petroli isiyoungua inashuka kwenye masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, masega yanaungua na kuziba, joto linarudi kwenye injini, na hapo ndipo watu wanasema RX-8 mbovu. Kumbe ilianza na koili.

Joto pia. Geji ya temperecha ya hili gari ni mwongo. Mshale unakaa katikati, unakaa katikati, ukija kupanda mambo yameshaharibika. Nunua kile kidude cha OBD cha kuchomeka chini ya usukani, usome nyuzi zenyewe kwenye simu. Kwa jua la Dar na AC kwenye foleni ya Morogoro Road, mimi sikuthubutu kutoka bila hicho.

Mambo ya kila siku mengine nipite haraka. Milango ya nyuma inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza. Kwenye picha raha. Kwenye maegesho ya Kariakoo, gari limekubana kulia, mtoto nyuma anataka kushuka, utafungua na kufunga kama kabati la vyombo. Siti ni nne kamili, katikati nyuma hakai mtu. Buti linabeba gunia la mkaa, basi. Matuta ya Sinza unayapita mshazari, na bado mawili yamenigusa chini. Mvua kubwa ikinyesha, wacha nyumbani, panda mwendokasi.

Sasa niseme na uzuri wake, maana upo. Jumapili ile nilipita daraja la Tanzanite, injini ya moto, dirisha wazi. Injini imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, usukani unakujibu hata ukiufikiria tu. Gia ya kwanza peke yake inakupitisha 50 kabla mshale haujafika kwenye 9000, na ikikaribia inakupigia kengele ubadilishe. Hakuna mtetemo. Inalia kama cherehani ya umeme iliyokasirika. Nilicheka peke yangu mle ndani. Na ajabu ni kwamba inataka hivyo, ikipata moto inapenda kuzungushwa juu, foleni ndiyo inayoijaza masizi.

Ningelinunua? Kama gari la pili, lenye maegesho yake, na hela ya kufungua injini ipo benki siku ileile ninayolipia gari, ndiyo, na ningetafuta la kuanzia 2009, waliboresha namna oili inavyoingia. Kama ndilo gari pekee la familia, hapana. Dada mmoja aliniuliza kuhusu Toyota 86. Dada yangu, hilo lina pistoni, fundi atalielewa, ila ya 2012 na 2013 Toyota waliyaita yarudi yabadilishwe springi za valvu, na kazi yenyewe ni ya kushusha injini, kwa hiyo uliza kama ilifanyika, na ilifanywa na nani. Nitalitengenezea video yake nikilip—

Ngojeni. Mnasikia hiyo honi? Ni jirani, anataka kutoka. Jamani, kamera ibaki hapohapo, naliwasha. Tuonane baada ya dakika kumi.