Mhandisi mshauri: wa michoro tu, au wa mwanzo hadi mwisho?

Pesa za korosho zikiingia, hapa Mtwara swali hurudi: unapojenga, mhandisi mshauri umlipe michoro tu, au awe nawe tangu kupima udongo mpaka kukabidhi jengo? Kwa gharama, michoro tu inashinda. Kwa nyumba ya chini yenye fundi unayemwamini, inakutosha. Ghorofa la Shangani, jirani na bahari, ni habari nyingine. Chumvi hula nondo, kwa hiyo lazima mtu ainame kabla zege halijamwagwa, apime nafasi kati ya nondo na mbao za kushikilia zege, maana hapo ndipo zege la kuikinga nondo litakapokaa. Mchoro hauinami! Ila mkataba wa usimamizi unaosema "atatembelea saiti" bila kutaja mara ngapi, hapo unalipia hewa. Ukaguzi wa kasoro baada ya makabidhiano nao uandikwe.