Busta za kuweka kwenye buti: mapitio kwa wanaowapa lifti watoto wa majirani Dodoma

Anayeishi Nzuguni, Ilazo au Kisasa na kufanya kazi Mji wa Serikali Mtumba anaijua simu ya jioni: "Dada, nakuomba unipitie na wa kwangu shuleni, kikao hakijaisha." Gari ni IST. Siti ya nyuma ina kiti kimoja cha mtoto wa mwenye gari, na sasa wanaongezeka wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa minane. Kilichozoeleka ni kubanana, mdogo apakatwe. Hapa tunapima vifaa vitatu vinavyoweza kukaa kwenye buti mwaka mzima vikisubiri simu hiyo, vyote vikiwa aina ya busta, yaani kikalio kinachofanya mkanda wa gari umkae mtoto sawasawa: busta ya plastiki ngumu, ya kupuliza na ya kukunja. Cha nne kimejiingiza chenyewe, na sababu yake utaiona.

Kupakata tukumalize mapema. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinavutwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 14 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 anageuka mzigo wa kilo 210, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya kuushika. Kuwafunga wawili kwa mkanda mmoja nako ni kuwagonganisha vichwa.

Busta yenyewe haimfungi mtoto. Kinachomfunga ni mkanda wa gari, na busta inamweka tu pale mkanda uweze kumshika. Sehemu ya chini inatakiwa ilale kwenye nyonga ikigusa mapaja, ya juu ikatize katikati ya mtulinga. Mtoto wa miaka mitano akikaa moja kwa moja kwenye siti, magoti yake hayafiki ukingoni, kwa hiyo anateleza mbele ili ayakunje. Mkanda unapanda tumboni, na mfupa wa nyonga wa umri ule haujakomaa kiasi cha kuuzuia usipande. Ikitokea ajali, utumbo na uti wa mgongo ndivyo vinavyopokea mkanda. Ule wa juu unamkwaruza shingoni, naye anaupitisha kwapani, mahali pabaya kuliko pote.

Busta ya plastiki ngumu inaongoza, kwa sababu zisizovutia hata kidogo. Haina cha kuharibika, ni nyepesi, mbili zinapandana kwenye buti, na mtoto wa miaka minane anaifunga mwenyewe ukimwonyesha mara moja. Ina pembe mbili kama mikono ya kiti. Mkanda wa chini unapita chini ya pembe zote mbili. Wa juu unapita chini ya pembe ya upande wa kifungio, na upande wa pili unabaki juu. Kosa linaloonekana kila siku ni kupitisha kila kitu juu ya pembe kwa sababu ni rahisi. Hapo mkanda unarudi tumboni na busta imekuwa stuli.

Udhaifu wake ni upana. Nyingi zina sentimita 40 hadi 45. Chukua futi ya fundi nguo, pima siti ya nyuma kutoka mlango hadi mlango kwa chini, usawa wa kukalia. Ukipata 125, viti vitatu vya 42 havitaingia, na hata vikiingia kwa kusukumwa vitakuwa vimekalia vifungio. Kifungio kilichozikwa chini ya busta hufungwa nusu nusu: ulimi unaingia bila mlio. Ukikosa kusikia "ta!", hakijafungwa.

Tatizo jingine ni kava za siti za ngozi bandia. Zinateleza, na kwenye mzunguko tu busta inakwenda upande pamoja na mtoto. Vua kava upande wa watoto. Usiweke mto wala taulo chini ya busta kuizuia. Vinaminyika gari linapogonga na mkanda unalegea.

Ya kupuliza ni nyembamba, ndiyo sifa yake kuu. BubbleBum ya Ireland ya Kaskazini ndiyo maarufu zaidi katika aina hii. Ikitolewa upepo inaviringishwa na kukaa kwenye mkoba, na mara nyingi ndiyo pekee inayowezesha watoto watatu kukaa sambamba bila kuficha vifungio. Ila Dodoma inaijaribu. Iliyopulizwa asubuhi ya Julai ikiwa ngumu sawasawa, saa tisa ndani ya gari lililoegeshwa juani hewa imetanuka na imekuwa kama mpira. Iliyopulizwa mchana wa joto, kesho yake alfajiri imelegea. Ibonyeze kwa kiganja kila mtoto anapotaka kukaa. Valvu ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufunga, kwani chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha. Na miiba: viatu vya shule vilivyopita vichakani Msalato au Mkonze hubeba miiba ya migunga kwenye soli, kwa hiyo hakuna kupanda na viatu juu yake.

Ya kukunja, mifold ikiwa ndiyo inayojulikana, imefikiriwa kinyume. Haimwinui mtoto hadi kwenye mkanda, inaushusha mkanda hadi kwa mtoto. Ni bapa, ina vishikizo viwili vya kukaza mkanda kwenye nyonga na ukanda wenye klipu unaoshusha mkanda wa begani. Kazi ni nzuri, lakini vishikizo vinavutwa kulingana na upana wa mtoto, na klipu inapandishwa au kushushwa kwa kila mtoto mpya. Mbele ya geti la shule, nyuma yako kuna Noah inapiga honi, ndipo utakapoona kasoro hiyo. Pia mtoto haoni nje, na mtoto asiyeona nje hulala upande, bega likatoka kwenye mkanda. Tungempa msafiri: anayeshuka treni ya SGR na watoto na kuita teksi, hana nafasi ya kubeba busta ya plastiki.

Sasa cha nne. Tangu 2017, busta mpya zisizo na mgongo zinazopitishwa kwa kiwango cha Ulaya ni za mtoto mwenye angalau kilo 22 na urefu wa sentimita 125. Wa miaka minane kwa kawaida yupo hapo au karibu. Wa mitano, sivyo. Kwake inatakiwa busta yenye mgongo, ambayo ina mbawa za kushika kichwa akisinzia na tundu la kuongoza mkanda wa begani. Nunua ile ambayo mgongo wake unachomoka: leo ni ya mdogo, kesho ukichomoa ni ya mkubwa. Hiyo moja, pamoja na busta tambarare moja ya plastiki, inakidhi simu nyingi za jioni.

Kuna sharti lisilo na mjadala. Busta ya aina yoyote inataka mkanda wa nukta tatu, ule unaopita kiunoni na begani. Katika magari mengi ya zamani ya Japani, katikati ya siti ya nyuma kuna mkanda wa kiunoni tu. Hapo busta haikai. Nafasi hiyo inamfaa mtu mzima au, kama maelekezo ya kiti yanaruhusu mkanda wa kiunoni, kiti cha mtoto chenye mikanda yake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusema "nitawachukua wote", hesabu mikanda ya begani, usihesabu makalio.

Walio chini ya kilo 15 hawana busta. Wanataka kiti chenye mikanda yao, na mtoto mchanga akae akitazama nyuma, kamwe si siti ya mbele yenye eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi. Njia inayofanya kazi ni mzazi kuacha kiti kwa mlinzi wa shule asubuhi ile ile, na nambari ya simu imebandikwa mgongoni. Ukikifunga, kitikise pale mkanda unapopita: kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Alama za rangi zinakusaidia hata kama maandishi ni ya Kijapani: njia ya bluu kwa kiti kinachotazama nyuma, nyekundu kwa kinachotazama mbele. Asubuhi za Juni na Julai mtoto anakuja amevaa koti nene; livue kwanza, funga, kisha mfunike nalo kwa juu. Koti chini ya mikanda linaacha ulegevu usioonekana.

Kwenye mitumba, busta ya plastiki ni ununuzi unaokubalika ukiichunguza. Geuza uone lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara na uzito unaoruhusiwa. Tafuta kiduara kama saa kilichochapwa kwenye plastiki, mshale wake unaonyesha mwezi na katikati ni mwaka; iliyopita miaka kumi iache. Ikunje kidogo kwa mikono: mistari myeupe ni plastiki iliyokwishavutika. Kiti chenye mikanda ni jambo jingine, hakinunuliwi bila kujua kimetoka gari gani, kwa sababu kilichopata ajali huweza kuonekana kizima.

Matunzo ni machache. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye kifungio cha kiti, suuza kwa maji ya uvuguvugu, usitie mafuta wala grisi. Gari likiegeshwa juani, tandika kanga juu ya busta na ndimi za mikanda, zinaunguza mapaja. Na busta isiyokaliwa ifunge mkanda au irudishe kwenye buti.